Life of Pi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasomaji

Riwaya ya Life of Pi, iliyoandikwa na Mkanada Yann Martel na kutoka mwaka 2001, huwaacha wasomaji wake wakiwa na maswali kuliko majibu, na maswali yenyewe hujirudia. Tumeyapanga kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayohitaji kitabu kiwe kimesomwa chote. Msomaji ambaye hajafika mwisho wa riwaya na asiyependa kufichuliwa siri yake asome sehemu ya kwanza tu.

## Mambo ya msingi

Riwaya hii inahusu nini?

Ni kisa cha kijana wa Kihindi, Piscine Molitor Patel, ambaye baba yake anaendesha bustani ya wanyama mjini Pondicherry, kusini mwa India. Katika miaka ya 1970, wakati serikali ya Indira Gandhi imetangaza hali ya hatari, baba anaamua kuhamishia familia Kanada. Wanapanda meli ya mizigo ya Kijapani pamoja na baadhi ya wanyama waliouzwa kwa bustani za Amerika Kaskazini. Meli inazama katika bahari ya Pasifiki. Kijana anajikuta ndani ya mashua ya kuokolea maisha akiwa na pundamilia aliyevunjika mguu, fisi, orangutani na chui milia mwenye uzito wa paundi 450. Baada ya siku chache wamebaki wawili tu: kijana na chui milia. Wanaelea kwa siku 227 hadi kufika pwani ya Mexico.

Riwaya ilipata tuzo ya Booker mwaka 2002, na tangu hapo imesomwa kote duniani.

Jina “Pi” linatamkwaje na lina maana gani?

Hutamkwa “pai”, kama ile herufi ya Kigiriki ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi hukutana nayo anapotafuta eneo la duara. Jina lake kamili lilitokana na bwawa moja la kuogelea la Paris, lakini wenzake darasani waliligeuza kuwa neno la Kiingereza linalomaanisha kukojoa. Siku ya kwanza katika shule mpya, kijana anakwenda ubaoni, anaandika jina lake, anachora duara na kulipigia mstari katikati, kisha anawatangazia wote kwamba yeye ni Pai.

Wasomaji waliofundishwa kutumia 22/7 mahali pa pai huuliza kama siku 227 baharini zina uhusiano na sehemu hiyo. Tarakimu ni zilezile kwa mpangilio uleule, na ni vigumu kuamini kwamba zimeangukia hapo kwa bahati. Pai ni namba isiyokwisha wala kujirudia, na watu huikadiria kwa sehemu nyepesi ili hesabu iweze kufanyika. Atakayefika sehemu ya tatu ya riwaya ataona kwa nini mwandishi alipenda fumbo hilo.

Je, ni kisa cha kweli?

Hapana. Mkanganyiko unatokana na dibaji, ambamo anayejiita mwandishi anaeleza kuwa alikwenda India baada ya kitabu chake cha awali kutofanya vizuri, akakutana na mzee mmoja katika mkahawa wa Pondicherry, na mzee akamwambia kuwa ana hadithi itakayomfanya amwamini Mungu. Dibaji hiyo ni sehemu ya riwaya. Imechanganya mambo ya kweli ya maisha ya Martel na mambo ya kubuni, na inamshukuru mhusika wa kubuni katika ukurasa uleule unaowashukuru watu halisi. Msomaji anayedanganyika hapo hana haja ya kuona haya, kwa sababu ndivyo ilivyokusudiwa.

Kwa nini meli inachelewa kuzama? Nimesoma kurasa nyingi na bado tuko Pondicherry.

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na wapo wanaokifunga kitabu kabla ya kufika baharini. Sehemu ya kwanza inazungumzia tabia za wanyama wanaofungiwa na dini za kijana, na kwa juujuu mambo hayo mawili hayahusiani. Hata hivyo, kila ujuzi utakaomwokoa Pi baharini umepandwa pale: jinsi mnyama anavyolinda mipaka yake, jinsi anavyomtambua aliye juu yake, na kwa nini mnyama aliyezoea ratiba na chakula cha uhakika hana hamu ya kutoroka. Atakayeiruka sehemu hiyo ataona kwamba Pi anafuga chui kwa miujiza.

## Baharini

Je, mtu anaweza kweli kuishi siku 227 ndani ya mashua?

Kwa upande wa siku, ndiyo. Baharia wa Kichina Poon Lim alielea peke yake katika Atlantiki kwa siku 133 kati ya mwaka 1942 na 1943, baada ya meli yake kupigwa na manowari ya Kijerumani. Steven Callahan, Mmarekani, alikaa siku 76 juu ya chelezo cha mpira mwaka 1982, na baadaye alikuwa mshauri wa filamu iliyotokana na riwaya hii. Miaka zaidi ya kumi baada ya kitabu kutoka, mvuvi mmoja aliyepotea katika pwani ya Mexico alitokea Visiwa vya Marshall baada ya zaidi ya mwaka mmoja majini.

Mambo madogo ya maisha ya Pi yanafanana na ya manusura halisi: kukinga maji ya mvua, kugeuza maji ya chumvi kuwa mvuke kwa jua ili yanyweke, kuvua samaki, kuchinja kasa na kunywa damu yake. Kinachotia shaka ni abiria wa pili. Chui milia huogelea vizuri, na wale wa Sundarbans huvuka mito na mikono ya bahari kama jambo la kila siku, lakini mnyama mkubwa kiasi hicho kuishi kwa samaki na kasa bila kumla jirani yake ni jambo ambalo hata maofisa wanaomhoji Pi mwishoni mwa riwaya wanalikataa.

Pi anamtawalaje chui?

Kwa firimbi, mkojo na kichefuchefu. Anaweka mipaka kwa kukojoa, anatikisa mashua hadi mnyama augue kwa mawimbi, na papo hapo anapuliza firimbi ili sauti na ugonjwa viungane katika akili ya mnyama. Zaidi ya yote, yeye ndiye anayeleta chakula na maji.

Kwa nini chui anaitwa Richard Parker?

Ndani ya riwaya ni kosa la karani: jina la mwindaji na jina la mnyama yalibadilishana nafasi katika hati. Nje ya riwaya, jina hilo lina historia nzito. Mwaka 1838 Edgar Allan Poe alichapisha riwaya ya safari ya baharini ambamo baharia anayeitwa Richard Parker analiwa na wenzake wenye njaa. Miaka 46 baadaye, mwaka 1884, mashua ya Kiingereza iitwayo Mignonette ilizama ikielekea Australia, watu wanne wakabaki ndani ya mtumbwi mdogo, na wawili kati yao, Tom Dudley na Edwin Stephens, wakamuua kijana wa miaka 17 aliyekuwa hoi, naye akaliwa. Kijana huyo aliitwa Richard Parker.

Wanafunzi wa sheria katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki, huifahamu kesi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyoamua kwamba dhiki haihalalishi kuua. Wauaji walihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikapunguzwa hadi kifungo cha miezi sita. Kwa hiyo msomaji anayelijua jina hilo ameonywa tangu mapema juu ya kitakachosemwa sehemu ya tatu. Asiyelijua ataelezwa na Pi mwenyewe, kwa namna yake.

Kile kisiwa kinachokula watu kinamaanisha nini?

Pi anafika kwenye kisiwa cha mwani kinachoelea, chenye maji matamu na maelfu ya miirikati, wanyama wadogo jamii ya nguchiro ambao makao yao halisi ni nyika kame za kusini mwa Afrika. Mchana kisiwa kinalisha; usiku kinatoa tindikali inayoyeyusha kilicho juu yake. Pi anaondoka baada ya kufunua tunda lililoviringwa majani na kukuta jino la binadamu, na anapoendelea kufunua anapata meno yote 32.

Wengine huona hapo picha ya dini inayostarehesha huku ikimmaliza mtu taratibu. Wengine huona kukata tamaa, mahali ambapo mtu angeweza kuacha kupambana. Wapo pia wanaotaja nyama ya binadamu, yaani chakula kinachookoa mwili na kumla mlaji kwa ndani. Sisi tunaegemea maelezo haya ya mwisho, ingawa tunakiri kwamba kisiwa ndicho kinachokataa kuliko vyote kutoshea katika jedwali la ulinganisho linalotajwa katika sehemu inayofuata. Huenda mwandishi alikiweka kwa makusudi ili kumjaribu msomaji: umeamini chui, je, na hili utaliamini?

Kwa nini kuondoka kwa chui kunawaliza watu?

Kwa sababu hakugeuka nyuma. Mashua inafika ufukweni Mexico, chui anaruka, anatembea hadi ukingo wa msitu, anasimama, kisha anatoweka. Pi analia kwa kukosa kuagwa kuliko anavyolia kwa sababu ya njaa yake. Mtu aliyewahi kuzika ndugu bila kupata neno la mwisho hahitaji ufafanuzi. Atakayekubali kwamba chui ni Pi mwenyewe ataisoma upya: ile nguvu katili iliyomwokoa haikumwaga, wala hawezi kuwa na hakika kwamba imekwenda mbali.

## Hadithi mbili

Hadithi ya pili ni ipi?

Maofisa wawili wa Wizara ya Uchukuzi ya Japani wanamhoji Pi hospitalini ili wajue kilichoizamisha meli. Hawaamini habari za chui wala za kisiwa. Hata ndizi wanazikataa: orangutani alifika mashuani akielea juu ya ndizi, na ofisa mmoja anashikilia kwamba ndizi hazielei. Pi anawaambia wajaribu katika sinki. Zinaelea.

Wanaposisitiza kupewa habari isiyo na wanyama, anawapa kwa kurasa chache. Mashuani walikuwa wanne: Pi, mama yake, baharia aliyevunjika mguu, na mpishi Mfaransa. Mpishi anamkata baharia mguu, anamla baada ya kufa, kisha anamuua mama mbele ya mwanawe. Pi anamuua mpishi, naye anakula nyama yake.

Maofisa wenyewe ndio wanaofanya ulinganisho: pundamilia ni baharia, orangutani ni mama, fisi ni mpishi, chui ni Pi. Wanagusia pia jambo moja ambalo wasomaji makini hulirudia. Katika hadithi ya kwanza, Pi akiwa amepofuka kwa muda anakutana baharini na kipofu mwingine mwenye lafudhi ya Kifaransa, anayekiri kuwa aliua mwanamume na mwanamke, na ambaye chui anamrarua. Huyo ni mpishi aliyerudi mara ya pili. Inaonekana kumuua mara moja kwa sura ya fisi hakukutosha kumtoa akilini mwa aliyemuua.

Basi hadithi ipi ndiyo ya kweli?

Riwaya inakataa kusema, na ushahidi uliowekwa mezani unavuta pande zote mbili. Ndizi zinaelea, na mashuani kuna mifupa midogo ya wanyama ambayo maofisa wanashindwa kuieleza vizuri. Chui hakuonekana tena. Hakuna kati ya hadithi hizo mbili inayoeleza meli ilizamaje, na katika zote mbili Pi anapoteza familia yake na kuteseka vilevile. Baada ya kuwakumbusha hayo ndipo anapowauliza maofisa wanapendelea ipi. Wanachagua ile yenye wanyama. Pi anawashukuru na kuongeza kuwa kwa Mungu pia mambo ni hivyo hivyo.

Kwa maoni yetu, msomaji anayefunga kitabu akiwa na hakika kwamba ni ya wanyama ameisoma nusu, na anayekifunga akiwa na hakika kwamba ni ya mpishi amesoma nusu nyingine. Kwa ubaridi wa akili, hadithi ya pili inaelekea zaidi kuwa ndiyo iliyotokea. Lakini Pi hakuulizia kilichotokea; aliulizia ipi ni bora, na ubora aliokusudia hauondoi kifo cha mama. Unampa aliyebaki namna ya kukibeba kifo hicho, tena katika kurasa nyingi badala ya chache.

Mwisho ulinifanya nihisi nimedanganywa. Je, niko peke yangu?

La hasha. Wasomaji wengi hukasirika, na hasira yao ina mantiki ambayo msikilizaji wa ngano za Kiswahili anaweza kuieleza vizuri kuliko wengi. Kwetu msimulizi hutangaza “Hadithi, hadithi!” na wasikilizaji hujibu “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Mapatano yanafanyika mlangoni: tunaualika uongo kwa jina lake, na kwa sababu tumeualika hautudhuru. Sungura anasema, fisi anafunga ndoa, na hakuna mtoto anayedai ushahidi.

Martel ameyapeleka mapatano hayo mwisho wa safari. Anasimulia kwanza, tena kwa vipimo vya mashua, idadi ya makopo ya maji na dibaji iliyojaa shukrani, na ukishaamini ndipo anakuuliza kama ulitaka utamu au ulitaka habari. Msomaji anahisi ametia sahihi hati asiyoisoma. Hata hivyo, tazama kitu ambacho hasira hiyo inakionyesha: hakuna anayekasirika kwa sababu hadithi ya kwanza ilikuwa mbaya. Anakasirika kwa sababu amenyang'anywa kitu alichokwisha kukipenda.

## Imani

Inawezekanaje Pi awe Mhindu, Mkristo na Mwislamu kwa pamoja?

Alizaliwa katika Uhindu, akakutana na Ukristo kupitia padri mmoja huko Munnar, na Uislamu kupitia mwoka mikate wa Kisufi mjini kwao. Hakuiacha dini moja alipoingia nyingine. Katika mandhari ya kuchekesha kuliko zote, padri, imamu na pandit, yaani kiongozi wa dini wa Kihindu, wanakutana naye barabarani kando ya bahari akiwa na wazazi wake, kila mmoja anamsifu kama muumini wake hodari, halafu ugomvi unazuka. Anachojitetea nacho mtoto ni kwamba anataka kumpenda Mungu tu.

Wasomaji waumini hawakubaliani na Pi, na hawana sababu ya kujilazimisha. Kwa Mwislamu, tauhidi haiwezi kukaa pamoja na ibada ya miungu mingi. Kwa Mkristo, Kristo si njia mojawapo kati ya nyingi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye huenda ana shangazi Mkristo na mjomba Mwislamu na hupelekewa sahani ya pilau siku ya Idi na ya Krismasi, anajua vizuri kwamba kula pamoja si kuswali pamoja. Kosa ni kuisoma riwaya kama fatwa. Pi ni mtoto wa miaka kumi na kitu anayempenda Mungu kabla hajaelewa masharti, na riwaya yenyewe inaziacha hoja za wakubwa zisimame bila kujibiwa.

Je, kweli kinamfanya mtu amwamini Mungu?

Ahadi hiyo anaitoa mzee wa mkahawani katika dibaji, na ni ahadi kubwa kuliko uwezo wa kitabu. Barack Obama, alipokuwa Rais wa Marekani, alimwandikia Martel barua kwa mkono akikisifu kitabu kuwa ni uthibitisho mzuri wa Mungu na wa nguvu ya usimulizi. Sisi tungelikubali fungu la pili la sifa hiyo na kulipinga la kwanza. Kupendelea hadithi hakuifanyi iwe kweli: mke ambaye mumewe amepotelea baharini anapendelea habari kwamba atarudi, na bahari haimsikilizi.

Waumini wengi nao hulalamika, kwa haki, kwamba hawamwamini Mungu kwa kuwa ni hadithi nzuri, bali kwa kuwa wanaamini yupo. Kinachofanywa na riwaya ni kidogo zaidi na pengine ni kigumu zaidi: inamkalisha msomaji katika kiti cha wale maofisa, bila ushahidi wa kutosha upande wowote, na kumwonyesha kwamba hata hapo alichagua.

Kwa nini Pi anawaheshimu wakana Mungu na kuwasema wenye shaka?

Mwalimu wake wa biolojia, asiyeamini Mungu, ni miongoni mwa watu anaowapenda sana. Kwa Pi, mkana Mungu naye amechukua hatua ya imani kwa njia yake. Anayemkera ni yule anayefanya shaka kuwa makao ya kudumu; anamfananisha na mtu aliyechagua kutosogea kuwa ndiyo chombo chake cha usafiri. Wasomaji wenye shaka huona wameonewa hapo, na tunadhani wana hoja, kwa sababu mwisho wa riwaya unamwachia msomaji shaka ileile iliyokejeliwa mwanzoni.

Jina la meli, Tsimtsum, lina maana?

Ni neno la Kiebrania kutoka mafundisho ya Isaac Luria, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 16: Mungu alijikunja ili pawe na nafasi ya uumbaji. Pi aliyekua anasoma dini na zoolojia huko Toronto, na tasnifu yake moja inamhusu Luria huyohuyo. Meli inapozama, nafasi tupu inabaki, na humo ndimo hadithi inamoumbwa.

## Mabishano na mambo ya pembeni

Je, Martel aliiba wazo la mwandishi wa Brazili?

Mwaka 1981 Moacyr Scliar alichapisha riwaya fupi, Max e os Felinos, kuhusu kijana Mjerumani anayevuka Atlantiki katika mashua pamoja na jagwa, mnyama mkali jamii ya chui. Martel alimshukuru Scliar katika dibaji, lakini baada ya tuzo ya Booker mabishano yalizuka, hasa Brazili. Scliar hakwenda mahakamani. Tunaona kwamba mtu na mnyama mkali ndani ya mashua ni wazo lililoazimwa waziwazi, ilhali dini tatu, hadithi mbili na kiti cha maofisa ni vya Martel.

Filamu inatosha badala ya kitabu?

Filamu ya Ang Lee ya mwaka 2012 ilipata tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya mwongozaji bora, na bahari yake ni ya kupendeza kuliko ya kitabuni. Tatizo ni hilohilo. Uzuri wa picha unaifanya hadithi ya kwanza ishinde mapema mno, huku ya pili ikisimuliwa kwa mdomo tu kitandani. Pia kuna msichana mpenzi wa Pi ambaye kitabuni hayupo. Tamthilia ya Lolita Chakrabarti, iliyoanza Sheffield mwaka 2019, iko karibu zaidi na swali la riwaya: chui ni kikaragosi kinachoendeshwa na watu unaowaona, na bado unamwogopa.

Kinafaa kwa watoto?

Kwa wanafunzi wa sekondari, ndiyo, wakiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye. Mauaji ya pundamilia yameelezwa polepole mno, na kuhusu hadithi ya pili soma maelezo ya hapo juu kabla ya kuamua.

Nikisoma mara ya pili, nitazame wapi?

Tazama jinsi Pi aliyekua anavyomtaja Richard Parker mapema kabla hujajua ni nani. Tazama siku ambayo baba anawaonyesha wanawe chui akimla mbuzi. Kisha tafuta habari ya bango lililowekwa katika bustani ya wanyama, likiwauliza wageni kama wanamjua mnyama hatari kuliko wote, na mshale ukielekea kwenye pazia dogo. Nyuma ya pazia kulikuwa na kioo cha kujitazamia. Pi anasema mikono iliyolivuta pazia hilo ilikuwa mingi kiasi kwamba pazia lilibidi libadilishwe mara kwa mara.